Plagi Zilizopimwa kwa Ukucha

Pikapu kuukuu aina ya Pijo ilikohoa katikati ya soko la samaki la mji wa Sfax, ikazima. Honi zikaanza nyuma yake. Akashuka msichana mwenye koti la kahawia na kitambaa chekundu shingoni, uso umemwiva kwa hasira.

"Wewe unayenitolea macho, si usukume!"

Monji, fundi magari, macho kweli alikuwa ameyatoa. Akaweka dagaa wake juu ya boneti, akasukuma mpaka mtaa wa gereji, jasho likimtiririka.

"Jina lako nani?"

"Langu au la gari?"

"Gari nalijua, bibie."

"Dalenda. Na hilo gari ni la baba, usijisahau."

Tangu siku hiyo simu hazikupoa. "Umekula, roho yangu?" "Nimekula, ila bila wewe chakula hakina chumvi." "Muongo mkubwa!" Mapenzi yakanoga.

Ikafika wiki ya harusi ya dada yake. Dalenda akaja gereji, ananukia maua ya mchungwa. "Jumamosi tunapeleka vyombo vya bibi harusi kwa mumewe, na naendesha mimi. Baba kakubali kwa mbinde. Nitengenezee vizuri, mpenzi, nisiaibike."

Monji alikuwa na plagi mpya mkononi, zile za kutoa cheche ndani ya injini. Mwanya wake ni nukta sita ya milimita, na hupimwa kwa vibati vyembamba. Ila katika mtaa ule, vibati ni vya wanaojifunza kazi. Fundi aliyeiva hupima kwa ukucha. Siku zote Monji alipima kwa vibati, lakini kwa kujificha.

"Monji, leo unachukua vibati mbele ya mchumba?" fundi jirani akamtania.

"Vibati vya nini?" akajibu kwa maringo. Akaingiza ukucha wa kidole gumba, macho yakiwa kwa Dalenda, akazifunga plagi. Upuuzi mtupu.

Jumamosi ngoma zililia, zumari likaitika. Kabati, magodoro na mazulia vilirundikwa nyuma ya pikapu, Dalenda kwenye usukani, kavaa gauni la kijani lenye nyuzi za fedha. Mbele ya duka la mikate gari likaanza kushtuka, likapasua mlio kama baruti, likazima. Aliwasha, wapi! Mkahawa mzima wa ng'ambo ya barabara uliangua kicheko.

"Mpe mwanamke usukani uone!"

Wajomba wa bwana harusi wakabeba kabati mabegani. Baba yake Dalenda, mzee Sadok, alimpokonya funguo mbele za watu. "Hutaligusa tena."

Monji alikuwa kwenye umati ule wa mkahawani, na mlio ule aliuelewa papo hapo. Alichokifanya hapo kinatia haya hata kukisimulia.

Kuanzia hapo hakupokea simu. Aliona haya, haya iliyomkosesha usingizi. Mwishowe Dalenda akamwachia ujumbe wa sauti: "Kumbe nawe unaona aibu kuwa na mwanamke anayechekwa? Haya, kwaheri."

Maneno yale yalimchoma. Mchana uleule aliingia mkahawani, mzee Sadok akicheza karata. Mkabala, Dalenda alikuwa kwenye foleni ya mikate.

"Ami Sadok," Monji akasema kwa sauti, "Dalenda hakuzima gari. Ni mimi. Plagi nilizipima kwa ukucha, mwanya ukawa mpana. Gari tupu linakwenda, likibeba mzigo linakosa cheche."

"Fundi wa ukucha!" mtu akapiga kelele. Wakacheka.

Mzee hakucheka. "Na siku ile ulikuwa wapi?"

Monji alitazama sakafu. "Hapa hapa, ami. Walipomcheka... nilicheka nao. Nisije nikajulikana."

Mzee Sadok akaweka karata chini, akavuka barabara, akamtia binti yake funguo mkononi. Kuomba radhi hakukujua; alimshika bega tu, akarudi.

Dalenda, aliyesikia yote, akamfuata Monji, mkate kwapani. "Mimi nilidhani unanionea haya."

"Najionea haya mwenyewe."

"Plagi nimekusamehe," akasema, machozi yakimlengalenga. "Kicheko, bado."

"Nimlete mama aje kwenu kuposa?"

"Mama yako akae kwanza. Nitakapokisahau kile kicheko, nitakupigia mwenyewe. Na safari hii, Monji, pokea."