Sikio la Kushoto la Dolphine

"Mama Barnabas, huyu mjukuu wako amefundishwa na nani kutoitikia salamu?"

Mama Millicent aliuliza swali hilo asubuhi, akiwa ng'ambo ya ua wa mkonge, wakati Dani alipokuwa akichambua maharagwe. Dani ndilo jina ambalo Dolphine alimwita nyanya yake, aliyemlea pale Lambwe, katika kijiji kinachopakana na mbuga ya Ruma.

"Nimempa oyawore yangu ya asubuhi hapo njiani," jirani aliendelea, "akanipita kama mheshimiwa aliyekwisha shinda kura!"

Dani alicheka, lakini jicho lake lilimfuata Dolphine aliyekuwa akifagia. Dolphine aliinamisha kichwa. Hakuwa na kiburi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeziba, na hakuthubutu kumwambia mtu.

Mambo yalianzia sokoni. Mjomba Barnabas alikuwa amemletea kutoka Homa Bay redio ndogo ya kaseti ili ajifunze nyimbo za kwaya. Redio hiyo haikuwa na spika. Bila visikizio vya kutia masikioni ilikuwa bubu. "Ngoja tuvune," Dani alimwambia, "tutanunua vilivyo vizuri." Dolphine hakungoja. Alimchukua kuku wake mtetea, akaenda kumbadilisha kwa Osoro, mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake juu ya turubai.

Osoro hakumficha kitu. Alimjaribishia aina mbili. Vya kwanza vilitoa sauti nzito na safi. Besi ilisikika chini, sauti nyembamba juu, kila mwimbaji mahali pake. Vya pili vililia kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo.

"Kuku wako anatosha hivi vya nzi tu," Osoro alisema akicheka. "Bei yake ndogo, na sauti yake ndogo. Usije ukanilaumu, dada yangu."

"Nipe tu."

Nyumbani alimwambia Dani kwamba kuku amebebwa na mwewe.

Visikizio vile vilikuwa vya plastiki ngumu, tena vikubwa kwa sikio la mtoto. Vilianguka kila mara. Alipoongeza sauti ili aisikie besi, vilikwaruza tu. Ndipo alipochuna sponji ya godoro lake, akavizungushia, akavisukuma ndani kwa nguvu. Sauti ikawa afadhali. Lakini siku moja alipovuta waya, cha kushoto kilitoka bila sponji yake.

Alijaribu kuichokoa kwa njiti ya kiberiti. Ikazidi kuingia. Sikio likaanza kuuma, kisha kunuka, kisha likanyamaza kabisa. Nikiwa kiziwi je? alijiuliza. Na nikisema ya sikio, si itanibidi niseme na ya kuku? Akabaki na hofu yake, akiificha hata wakati wa sala.

Baada ya jirani kuuliza swali lile, Dani alimtuma Dolphine kuni karibu na korongo. Huko Lambwe kila mtoto anajua sheria ya nduru. Nyati akitoka mbugani, wa kwanza kumwona hupiga nduru. Wanaume huikimbilia wakiwa na mikuki na mbwa. Mtoto huikimbia, wala hageuki nyuma.

Dolphine alikuwa ameinama akifunga mzigo wake nduru ilipopigwa.

"Uuuwi! Jowi! Jowi!"

Nyati! Dolphine aliinuka. Nduru ilitoka wapi? Siku hizo kila sauti ilimjia kutoka kulia, kwa kuwa sikio la kulia ndilo pekee lililosikia. Akatupa kuni, akakimbilia kushoto.

Nyasi ndefu mbele yake zikatikisika. Nyati akatokeza, pembe zimejaa tope, akikoroma puani. Dolphine alisimama. Alitaka kupiga kelele, ulimi ukawa mkavu kama gunzi. Mtu alikuwa akiliita jina lake, lakini hakujua ageukie upande gani. Nyati aliinamisha kichwa.

Mkono ukalikamata gauni lake kwa nyuma. Alivutwa, akaanguka korongoni, na mtu mzito akamlalia juu. Ardhi ikatetemeka. Udongo ukawamwagikia kichwani. Nyati aliruka korongo, akapita, mbwa wakibweka nyuma yake.

"Nimekuita mpaka koo limekauka!" Alikuwa Mama Millicent, kitambaa kimemvuka kichwani. "Watu wanamkimbia mnyama, wewe unamfuata! Umekuwa mbwa wa kuwinda?"

"Sikujua umeniitia wapi, Mama. Sikio langu... sikio langu lina godoro."

"Lina nini?"

Hapo Dolphine alilia, akasema yote, hata ya mwewe.

Dani aliposikia hakumgombeza. Alipiga magoti palepale penye vumbi, akamshukuru Mungu, kisha akajifunga leso na kumpeleka kwenye zahanati. Muuguzi aliyeitwa Caren alimulika sikio, akaingiza kibano chembamba. Dolphine aliubana mkono wa Dani, akafumba macho. Je, kama sikio limekufa?

Maumivu yalichoma, kisha kitu kikatoka, cheusi, chenye harufu mbaya. Mara akasikia maji yakidondoka kwenye karai, upande wa kushoto.

"Ngoma ya sikio haijatoboka," alisema Caren. "Mngekawia, ningekuwa nasema mengine. Usitie kitu sikioni tena, wala njiti. Na visikizio vikiwa hafifu, kuongeza sauti hakuvifanyi vizuri. Kunaumiza sikio tu."

Jioni, Dani alimketisha karibu naye. Visikizio vilikuwa mkononi mwa Dolphine.

"Rahisi huvunja upishi, mjukuu wangu," Dani alisema. "Lakini si waya hizo zilizokusimamisha mbele ya nyati. Ni kunyamaza kwako. Ungeniambia siku ileile, ningekukemea kidogo, nawe ungepona. Mungu alikupa masikio bure, ukayaziba kwa godoro. Akakupa na mdomo, ukauziba kwa mwewe! Ukiumia, sema mapema, hata kama umekosa. Kosa lililosemwa hutibika. Umesikia?"

"Nimesikia, Dani. Nisamehe."

Wakati huo sauti ya chini ikatoka ng'ambo ya ua wa mkonge. "Oimore, Dolphine." Ilikuwa salamu ya jioni ya Mama Millicent.

Dolphine aligeuza kichwa mara moja. Kushoto. Akaziweka zile waya mezani, akainuka, akatoka nje kuiitikia salamu.