Nilikaza Nati ya Tabo, Akafukuzwa Dezire

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu hapa Kigoma, na nimeshachapwa na walimu wote wa shule yetu isipokuwa wa dini. Huyo ananiombea tu... Mimi ndiye niliyemvalisha mbuzi tai ya mkuu wa shule. Utani ni damu yangu. Lakini leo, ndugu wasomaji, sitanii. Nawaandikia kwa sababu hapa nyumbani sina wa kunisikiliza.

Wazazi wangu wako Kagunga, kule mpakani. Mimi nakaa Gungu kwa baba mdogo ili nisome. Baba mdogo alikuwa na mchomoko, gari dogo la kupeleka abiria Kasulu. Gari la watu watano, yeye anapakia wanane na kuku! Likifika kwenye vilima lilihema kama mgonjwa wa pumu. Madereva wa kijiwe kilicho mbele ya nyumba yetu wakambatiza Mzee wa Gia ya Kwanza.

Mwaka ule wa machafuko ya Burundi, Warundi walikuwa wanashuka Kagunga kwa maelfu, ufuo umejaa mpaka mchanga huuoni. Mama yangu aliwapokea bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka kumi na tisa, Dezire. Wenzake walikimbia na magodoro na masufuria. Yeye alikuwa na furushi la kitenge begani, zito kama jiwe la kusagia. Mama alidhani ni chakula. Kufungua... chuma!

Ilikuwa tabo. Kwa asiyejua, ni dude la mfano wa konokono. Moshi wa ekzosi unalizungusha, nalo linaisukumia injini upepo ili ipate nguvu. Baba yake Dezire alikuwa fundi kule Buyenzi, Bujumbura. Baba hakuvuka. Gereji haikuvuka. Kilichovuka ni hiyo tabo.

Bibi na mjukuu walipelekwa kambini. Baadaye Dezire akapata kibali cha kutoka siku chache, akaja Gungu na salamu za mama yangu. Kibali kikaisha, yeye akabaki. Tukawa tunalala kitanda kimoja, mzungu wa nne. Nikamwita Konokono. Yeye aliniita mudogo wangu.

Niwaambie siri? Pamoja na kelele zangu zote, sikuwahi kuwa na rafiki. Watu wanacheka na mchekeshaji, halafu wanakwenda zao. Dezire alikuwa akimaliza kucheka, anabaki. Ananiuliza, "Na wewe leo umeshindaje?" Nani mwingine aliwahi kuniuliza hivyo?

Siku moja alimwambia baba mdogo, "Baba, hii moteri yako naweza kuiongezea mapafu." Moteri kwake ni injini. Akatoa tabo yake mwenyewe, urithi wake wote, akaifunga kwenye gari la watu! Wiki tatu nyuma ya nyumba yetu alikata mabomba, akachomelea, akavuta njia ya oili ya kuilainisha tabo. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika spana na kutukana jua.

Alipomaliza alinionyesha nati moja kwenye kijichuma chembamba kinachopima upepo; ukiikaza, upepo unazidi.

"Hii moteri ilizaliwa kuvuta upepo yenyewe," alisema. "Sasa tunaisukumia. Tukisukuma kidogo, itakubali. Tukizidisha, nozeli zake ni ndogo, mafuta hayatatosha, moto utatoboa pistoni. Mpaka tupate nozeli kubwa, nati hii usiiguse, mudogo wangu."

"Nikiigusa?"

"Utakuwa umenizika."

Nikacheka. Kwangu kila kitu kilikuwa cha kuchekwa!

Gari likawa gari. Lilipanda vilima likipiga mluzi! Kijiwe kizima kilisimama kuliangalia. Baba mdogo akaanza kumwita Dezire mwanangu, akaahidi kumpeleka kwa mtendaji wafuatilie kibali cha kukaa mjini. Dezire alikuwa anapanga kumtoa bibi yake kambini...

Jumapili moja baba mdogo alinituma nikalioshe gari nyuma ya nyumba. Nikakumbuka anavyoendesha, kachuchumaa kwenye usukani kama kuku anayetaga. Nikajiambia, kesho likiruka ghafla atapiga yowe mpaka Ujiji wasikie! Nikachukua spana. Nikaikaza ile nati mizunguko mitatu. Hakuna aliyeniona. Nililala nacheka peke yangu, Dezire yuko pembeni anakoroma.

Jumatatu niliporudi nyumbani kutoka shuleni nilikuta gari limefungwa kamba nyuma ya lori la mahindi. Lilikuwa limeruka kweli. Lilipanda kilima cha kwanza kama ndege, cha pili likaanza kugonga kama kokoto kwenye debe, cha tatu likatoa moshi likazima. Abiria walimaliza safari kwa miguu.

Dezire alifungua injini. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Kisha akaitazama ile nati. Halafu akanitazama mimi. Alijua!

Baba mdogo alikuwa amesimama na madereva wote wa kijiwe. "Nani kaharibu gari langu?" akauliza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno mawili tu, ni mimi! Lakini niliogopa, na mimi nikiogopa mdomo unatania wenyewe. Nikasema, "Konokono kachoka, anataka kurudi kwao Burundi!"

Kijiwe kikaangua kicheko. Dereva mmoja akadakia, "Hayo ndiyo malipo ya kumpa mkimbizi injini!"

Baba mdogo hakucheka. Alimgeukia Dezire. "Kumbe ulikuja kujifunzia kwangu?"

Dezire aliweka spana chini. Angesema nini? Hana kibali, hana baba, na aliyemchongea ni mtoto wa nyumba. Alisema tu, "Nisamehe, baba."

Baba mdogo akamfukuza, na asubuhi akafunga nguo zake. Tabo baba mdogo aliizuia, eti fidia. Mlangoni Dezire aliniambia, "Soma vizuri, mudogo wangu." Ee Mungu, bora angenipiga!

Tangu siku ile nalala katikati ya kitanda na bado ni kikubwa. Shuleni nachekesha, wanacheka, kengele inalia, wanakwenda zao... Nilimpa ujumbe mama mmoja anayeuza samaki soko la kambini, ampelekee Dezire. Aliporudi alisema nyumba yao iko wazi. Bibi alifariki, mjukuu akavuka kurudi Burundi. Hakuna aliyejua amefikia wapi.

Mwezi uliopita kijana mwingine wa Kirundi alikuja kijiweni kuomba kazi ya ufundi. Baba mdogo akamfukuza. "Tulishaumwa na mmoja," alisema. Sikuweza tena. Nikasimama mbele yao wote nikasema, "Baba mdogo, Dezire hakuharibu gari. Ni mimi. Nilikaza nati."

Wakatazamana. Kisha... wakacheka! Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. "Na mimi ndiye niliyekunywa Ziwa Tanganyika likapungua!" alisema mwingine. Nikaapa. Nikalia. Wakazidi kucheka, wakasema safari hii nimejua kuigiza. Baba mdogo alifuta machozi ya kicheko, akanipiga begani. "We mtoto utatuua. Haya, nenda kasome."

Nimerudia mara tatu. Mara ya tatu alikasirika, akasema jambo lile si la kufanyia mchezo.

Vijana wenzangu, nawasihi, msifiche kosa ndani ya utani. Kicheko kinapita, aliyechekwa anabaki amebeba. Na kama una la kukiri, likiri leo, aliyeumia akiwa bado amesimama mbele yako. Ukichelewa utabaki na ukweli wako mkononi, na hakuna wa kuupokea.

Ninyi hamnijui. Hamjawahi kucheka nami hata mara moja. Basi niaminini ninyi. Yule alikuwa fundi, na kazi yake ilikuwa safi. Dezire hakukosea kitu.