Chupa Yenye Jina la Dada

Mimi ni fundi cherehani hapa Mlola, na watu husema mafundi cherehani ni waongo. Ni kweli, ila uongo wetu ni mmoja tu: siku ya kuchukua nguo. Haya ya leo mengine niliyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona nilisimuliwa na dada yangu Modesta, ambaye hakuwahi kusema uongo hata tulipokuwa watoto na uongo ungetuokoa na viboko.

Modesta alikuwa nesi, lakini si wa wodini. Aliwafuata majumbani wale wagonjwa ambao wameshaambiwa hakuna tena cha kufanya, akawapelekea mofini, ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali. Dawa hiyo ina sheria nyingi kuliko mama mkwe. Kila chupa ina lebo, na kwenye lebo nesi anaandika kwa mkono jina la mgonjwa na kipimo chake: mililita tano kila baada ya masaa manne. Mgonjwa akifariki chupa lazima irudi hospitali, iwe imejaa au iwe tupu.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa sita, alikuwa akienda kila Jumanne kwa Mzee Abubakari, kijiji cha juu njia ya Shume. Siku ninayoanzia ilikuwa Jumanne njema tu. Jua lilikuwa limetoka, wanawake walikuwa wanang'oa karoti, na Modesta aliteremka kwenye pikipiki akanunua fungu moja kwa ajili yangu. Nilizipika jioni na nyama kidogo.

Mzee Abubakari alikuwa mganga, na watu walimfuata kutoka hata Mponde. Kansa ya koo ilikuwa imemmaliza, amebaki mifupa na macho. Tunguri zake, vile vibuyu vya uganga, zilining'inia ukutani juu ya kitanda, na kila mtoto wake alipoingia mzee alizionyesha kwa kidole ili azipokee. Watoto walikuwa wawili. Hassani, aliyekuja kutoka Tanga, alisema dini haimruhusu. Zainabu, aliyemuuguza baba yake siku zote, alisema anaogopa. Kwetu huku kila mtu anajua kwamba mganga haondoki mpaka mtu apokee mzigo wake. Daktari alikuwa amesema mzee hatamaliza mwezi wa tatu, na sasa ulikuwa wa sita.

Siku hiyo ya karoti Hassani alimsubiri dada nje, karibu na zizi.

"Nesi, chupa ile tukimpa yote kwa mara moja, si atalala tu?"

"Atalala na hataamka."

"Ndiyo ninachouliza."

"Huko ni kuua, Hassani. Sheria inakuita hivyo, na mimi nakuita hivyo. Nimetumwa kupunguza maumivu, sikutumwa kupunguza siku."

"Hata kama mwenyewe anataka?"

Modesta akarudi ndani kumuuliza mwenyewe. Alikuwa mtu wa namna hiyo, hakuzungumza juu ya mgonjwa bila mgonjwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanong'ona kwa lile koo lililobaki.

"Maumivu unayatuliza vizuri, mwanangu. Kinachonizuia si maumivu. Mikono yangu imejaa."

Modesta akaandika lebo ya chupa mpya, akamwachia Zainabu, akaondoka.

Jumanne iliyofuata ukungu ulishuka mapema. Alipofika uani alikuta duara la majivu, na katikati yake shingo ya tunguri iliyoungua nusu. Hassani alikuwa amezichoma zote, akidhani moto utamfungua baba yake. Hakuwepo. Alikuwa amerudi Tanga bila kuaga, na Zainabu alisimama mlangoni mikono kichwani.

"Nesi, tumekosa," alisema. "Tumempa chupa yote. Jumamosi."

Modesta akapiga hesabu kichwani. Chupa nzima, kwa mzee mwenye uzito wa mtoto wa shule. Aliingia ndani akijua anakwenda kumfunika maiti.

Mzee Abubakari alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji.

"Shikamoo, babu," alisema Modesta.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Sauti ilikuwa imerudi, nzito na safi, kutoka kwenye koo ambalo dada alikuwa amelimulika kwa tochi na kuona halina njia. Juu ya kitanda ukuta ulikuwa mtupu, misumari tu.

Hapo dada alikuwa na jambo la kuamua. Sheria ilimtaka akaseme hospitali, na hospitali iseme polisi, na Zainabu aliyekuwa ameosha vitambaa vya baba yake miezi saba apelekwe mahabusu. Alimtazama Zainabu, akaamua kunyamaza. Aliniambia baadaye kwamba kosa lake lilikuwa hilo, na mengine yote ni malipo. Mimi sikubaliani naye. Kosa lake lilikuwa adabu.

Kwa maana wakati anafikiri hayo, mzee alitoa chupa tupu chini ya shuka.

"Si lazima irudi hospitali?"

"Lazima, babu."

"Basi pokea."

Sisi mama alitulea kwa fimbo na kwa adabu. Mkubwa akikupa kitu unapinda goti kidogo, unapokea kwa mikono miwili, unajibu. Modesta akapinda goti. Akaweka mikono miwili.

"Nimepokea, babu."

Zainabu akaziba mdomo kwa khanga.

Mzee akafungua viganja vyake vyote viwili, akavionyesha kwa binti yake kama mtu anayeonyesha kwamba hakuiba kitu. Akalala. Akavuta pumzi mara tatu. Haikuja ya nne.

Hospitali, mfamasia Kristofa alikataa kuipokea ile chupa. Aliishika, akaitikisa. Haikuwa na tone, lakini ilikuwa nzito kama imejaa. Kisha akasoma lebo.

"Sista, hii si ya yule mzee. Mbona imeandikwa jina lako?"

Mwandiko ulikuwa wa Modesta mwenyewe. Modesta, mililita tano kila baada ya masaa manne.

Aliniletea nyumbani nikaiona. Tulibandua lebo, tukaichoma jikoni. Asubuhi ilikuwa pale pale kwenye chupa. Tangu hapo dada akawa akiingia nyumba ya mgonjwa anajua siku atakayokufa mgonjwa huyo, na akitoka analia njia nzima kwenye pikipiki. Aliacha kazi kabla ya mwaka kwisha. Mwaka wa pili koo likaanza kumuuma.

Ilikuwa kansa ile ile, mahali pale pale. Sitaki kuisimulia sana. Nilihamisha cherehani yangu chumbani kwake ili nimuuguze huku nashona. Mwanzoni alinitania, akasema sasa nguo za watu zitachelewa na nitakuwa na sababu ya kweli kwa mara ya kwanza. Ile chupa aliiweka chini ya mto.

"Efrazia, usipokee kitu mkononi mwangu," aliniambia. "Hata kijiko. Nikikupa, weka kigoda katikati."

Kwa hiyo kikawepo kigoda kati yetu. Akinywa uji anaweka kikombe kwenye kigoda, mimi nakichukua kigodani. Sauti ilipomwishia kabisa, akawa anagonga kigoda kwa kijiko, mara tatu, ndipo nijue kwamba maumivu yamefika na anataka dawa yake. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni. Ya saa nne usiku tulizidisha ili alale mpaka asubuhi, kama nesi mwenzake alivyotuelekeza. Sikuhitaji saa ya ukutani.

Kabla sauti haijaisha alimwita mchungaji wetu aje awe shahidi. Aliyasema mambo mawili, mbele yetu wote wawili, polepole ili tusije tukasema hatukusikia. La kwanza, asipelekwe tena hospitali kuwekewa mrija wa chakula. La pili, azikwe na ile chupa mkononi.

"Mimi nilipewa bila kujua," alisema. "Sitampa mtu anayejua. Na nikishindwa kujitambua, neno langu ni hili hili. Efrazia, apa."

Niliapa. Mchungaji alisikia nikiapa.

Daktari alisema wiki mbili. Ikapita miezi miwili. Mnaosema mtu aachwe mpaka Mungu amchukue, nami nilisema hivyo hivyo maisha yangu yote, nendeni kwanza mkamwoshe mtu ambaye ngozi inabaki kwenye kitambaa. Dawa tuliongezewa mara nne. Siku nne za mwisho hakujitambua. Pumzi yake ilikuwa kama msumeno kwenye gogo bichi, unakwama, unavuta, unakwama. Kijiko hakikugonga tena, lakini uso wake ulikuwa bado unaumia. Nilimwona. Msiniambie hakuwa anasikia kitu.

Alhamisi, saa nane mchana, ukungu umeziba dirisha, nilikuwa peke yangu naye. Mkono wake ulikuwa umeishika ile chupa.

Niliondoa kigoda.

Nikafungua vidole vyake. Kimoja, kimoja. Vilikuwa vimekaza, kidole gumba kikajirudisha, nikakifungua tena. Nikachukua chupa kwa mikono miwili, nikapinda goti.

"Nimepokea, dada."

Alifungua macho. Aliniangalia mimi, kisha akaangalia mikono yangu. Machozi yakamtoka upande mmoja. Akavuta pumzi mara tatu, na msumeno ukanyamaza.

Nilikaa sakafuni nikalia, na nitasema ukweli, nililia kwa raha. Nilikuwa tayari kuona jina langu kwenye lebo. Nilijua linakuja. Nilisema moyoni, na lije, yeye amepumzika.

Sikumzika na chupa. Mchungaji aliniuliza iko wapi, nikamwambia imo jenezani. Fundi cherehani.

Siku ya tatu ya msiba, Zainabu alikuja na kapu la viazi kichwani. Alinipa pole, akakaa nami jikoni, na mwisho nikamwambia yote. Sikutaka nimfiche, kwa sababu ni mtu pekee ambaye angenielewa. Alisikiliza akimenya viazi. Kisha kisu kikasimama.

"Alikupa mwenyewe," aliuliza, "au ulichukua?"

"Alikuwa hajitambui."

"Hilo umeshasema. Nakuuliza, alikupa?"

Nikaokota ganda la kiazi sakafuni.

"Sisi tulifanya mabaya mengi," Zainabu alisema kwa sauti ya chini. "Tulikataa kupokea, kaka akachoma, tukampa dawa ile yote. Lakini kuchukua mkononi mwake, hatukuthubutu. Anayetoa anaondoka, Efrazia. Anayenyang'anywa habanduki. Anakaa na hali yake ile ile, anakingojea chake."

Nikaenda chumbani, nikaitoa chupa kabatini. Haikuwa na uzito wowote. Ilikuwa chupa tupu ya plastiki. Niliisoma lebo mara mbili, nikaipeleka dirishani nikaisoma tena.

Iliandikwa Modesta.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimemtuma jirani hospitali na mofini yake halisi, chupa moja na nusu iliyobaki. Sheria ni sheria, na dada angependa irudi kwa wakati. Hakuna tone lililobaki nyumbani.

Saa kumi na mbili jioni, wageni wakiwa bado wanakula, nikasikia chumbani. Mara tatu. Kijiko juu ya mbao.

Nimeifukia ile chupa kaburini, upande wa kichwa, nikapiga magoti nikamwomba radhi kwa jina lake. Kugonga hakukukoma. Nimekificha kijiko kwenye sanduku la vitambaa, nikafunga kufuli. Kugonga hakukukoma. Nimeweka maji kwenye kikombe chake, nimeweka asali, nimeweka Panadol zilizosagwa, kama mjinga. Saa nne anagonga. Saa nane anagonga. Wateja wanadhani ni cherehani.

Kila nikikigeuza kigoda kwenye mwanga, vishimo vya kijiko kwenye mbao vimeongezeka. Nimevihesabu na nimeacha kuvihesabu. Vya zamani vimefifia. Vipya vimeingia ndani zaidi, kama vya mtu anayeumia na haoni kwa nini mdogo wake haji.

Jana nilivaa gauni la ibada nikaenda hospitali. Nilipanga foleni dirishani na wengine. Kristofa alinitambua, akasimama, akanipa pole ya dada, akasema alikuwa nesi ambaye hatutampata tena. Nikamwambia asante. Nikamwambia nimekuja kuomba mofini, chupa moja tu.

Alinitazama kwa huruma. Nadhani alifikiri nami nimepatwa na ugonjwa ule. Akavuta daftari, akachukua lebo mpya, akafungua kalamu.

"Sawa, dada," alisema. "Jina la mgonjwa?"