Mpira Unaotoka Kushoto

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Delphine Guillory alitoka uani kumrushia mpira kaka yake, Marcellus. Marcellus alikuwa mpokeaji wa timu ya chuo. Kazi yake ilikuwa kuchomoka mbele na kuudaka ule mpira wa umbo la yai kabla mabeki hawajamwangusha. Mwezi wa Aprili timu za kulipwa zingefanya uteuzi wa vijana wa vyuo, na mji wote wa Opelousas, kuanzia kinyozi hadi mchungaji, ulikuwa na uhakika kwamba jina la Guillory litatajwa.

Jioni moja mpira ulipita juu ya bega la kushoto la Marcellus, naye akadaka hewa.

"Umelala?" Delphine alimtania. "Hata Bibi angeudaka huo."

"Rusha tena, acha maneno."

Alirusha. Mpira ukampiga Marcellus sikioni, akakaa chini kwenye nyasi na kufumba macho.

"Cel, una nini?"

"Tangu nilipogongwa kwenye mechi ya mwisho, mpira ukitoka kushoto naona miwili," alisema kwa sauti ya chini. "Na kichwa kinapwita. Kitapoa chenyewe. Usimwambie Mama. Usimwambie mtu."

Delphine aliitikia, lakini tangu hapo hakutulia. Darasani mwalimu alimwita akawa hasikii. Mezani alichezea wali na maharage mpaka vikapoa.

Siku ya Jumamosi alifika Bwana Pruitt, msaka vipaji wa timu moja ya kulipwa. Marcellus alikuwa mazoezini chuoni. Mama, dereva wa basi la shule, alimkaribisha barazani akampa chai ya barafu.

"Mbio zake tumeshazipima," alisema Bwana Pruitt. "Viganja vyake tumevipima pia, na mechi zake zote nimezitazama. Sasa nataka kujua yeye ni mtu wa namna gani. Nimeshazungumza na kocha, mwalimu wake wa hesabu, hata mama anayepika pale chuoni."

"Mpaka mpishi?" Mama alicheka.

"Mpishi anajua nani anasema asante, mama."

Kisha akamgeukia Delphine. "Nasikia wewe ndiye unayemrushia mipira. Yuko vizuri? Hakuna panapomuuma?"

Delphine aligeuka. Alimwona Mama akimtazama kwa fahari.

"Yuko vizuri tu," alisema.

Bwana Pruitt alimtazama kidogo, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Lile neno lilimkaa Delphine kifuani kama mfupa wa samaki. Marcellus aliporudi, Delphine alimfuata jikoni.

"Nimemdanganya yule bwana kwa ajili yako. Sitaki tena. Mwambie Mama, la sivyo nitamwambia mimi."

"Unataka kuniharibia? Maisha yangu yote nimeisubiri siku hii."

"Na wakikugonga tena je? Ukija ukasahau hata jina langu?"

"Mbea we," alisema Marcellus, akambamizia mlango.

Delphine aliutazama ule mlango. Alitamani kumfuata kaka yake amwombe radhi. Badala yake alikwenda barazani, akamweleza Mama yote, na uongo wake pia.

Mama hakugomba. Alimwita Marcellus, akamwekea simu mkononi. "Mpigie Bwana Pruitt. Mwambie mwenyewe."

Marcellus alizungumza huku machozi yakimtoka. Alipomaliza, alisikiliza jibu.

"Anasema alijua," aliwaambia alipokata simu. "Kwenye mikanda ya video ya mechi ya mwisho aliona jinsi nilivyogeuza shingo baada ya kugongwa, kila mpira ulipotoka kushoto. Alikuwa anangoja kuona kama nitasema."

Daktari aligundua kwamba ubongo ulikuwa umetikisika na haujapona. Alimkataza kukimbia na kucheza mpaka atakapomruhusu. Siku za uteuzi zilifika. Majirani walijaa sebuleni, majina ya vijana wengine yakasomwa kwenye televisheni mpaka la mwisho. La Marcellus halikutajwa. Watu waliaga mmoja mmoja. Marcellus hakumsemesha Delphine, naye alikaa akiuma kucha, akijiona ndiye aliyelizima jina lile.

Zilipita wiki nyingi. Kiangazi kilipopamba moto, daktari alimpima Marcellus upya, akasema amepona. Jioni ya siku hiyo Bwana Pruitt alipiga simu.

"Timu zote zilikuacha kwa sababu ya jeraha lile, hata yetu," alisema. "Lakini mimi sikuacha kukupigania. Njoo mazoezini. Siahidi nafasi, nakuahidi kuangaliwa."

Marcellus aliweka simu chini. Akamgeukia dada yake, akamvuta kichwa kifuani pake.

"Nilikuita mbea," alisema. "Nisamehe."

"Nilidhani hutanisemesha tena," Delphine alijibu, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi akavuta pumzi ndefu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na funguo za basi mkononi.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Basi langu likiharibika breki, sifichi ili nisikose safari. Nalipeleka kwa fundi, kwa sababu ndani mna watoto. Mwili nao ni hivyo hivyo. Anayekupenda hakusaidii kuficha ugonjwa. Anakukasirisha leo, ili kesho uwepo."