Kovu Lililofutwa Pichani

Kila Jumamosi Devota na Loisi waliosha vyombo pamoja nyuma ya nyumba yao ya Nzuguni, mmoja akisugua, mwingine akisuuza. Jumamosi ile Devota alisugua na kusuuza peke yake. Loisi alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, anasukwa nywele. Alikuwa anakwenda kupigwa picha ya pasipoti, na mtu wa pasipoti, inavyoelekea, hashiki masufuria.

Loisi alikuwa mtoto wa mama mkubwa Priska, dada yake mama Devota. Alizaliwa Kanada mama yake alipokuwa masomoni, akaletwa Dodoma kabla hajajua kusema, akakua akila sahani moja na Devota. Ugali wa uwele aliupenda kuliko wali. Lakini pasipoti yake ilikuwa ya Kanada, nayo ilikuwa imekwisha muda. Mama mkubwa Priska alikuwa amerudi huko kufanya kazi, na kwa miaka mitatu hakumwona mwanawe. Tiketi ya likizo ya Juni ilishakatwa. Bila pasipoti mpya hakuna safari, na bila picha iliyokubalika hakuna pasipoti.

Tangu habari ya safari ifike, Devota hakuwa na raha. Muhula ule alikuwa wa kwanza darasani, akapewa hongera na kipande cha nyama cha ziada. Loisi, ambaye hata katika kumi bora hakuwamo, alinunuliwa begi la magurudumu. Wageni waliulizia safari, na kanisani safari iliombewa. Devota aliitikia amina kama wengine, lakini wivu ulimchoma, na kila alipoliona lile begi alitamani panya walitafune.

Asubuhi hiyo simu ilipolia, mama alikuwa na unga mikononi, hivyo Devota akapokea. Alikuwa mama mkubwa Priska, akaeleza kwamba nyuma kuwe na ukuta mweupe, hereni zitolewe, na Loisi asitabasamu. Kisha akakazia jambo la mwisho.

"Mwambieni mpiga picha asiiguse sura yake kwenye kompyuta. Lile kovu libaki. Wakiona picha imesafishwa, wanairudisha. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama mkubwa."

Kovu hilo lilikuwa juu ya jicho la kushoto la Loisi. Devota alimweleza mama habari za ukuta, hereni na tabasamu. La kovu lilimkwama kooni, naye akaliacha likwame.

Mpiga picha, mzee Abdulnasiri, alikuwa na studio karibu na soko. Msumarini lilining'inia koti moja jeusi, ambalo nusu ya Nzuguni imelivaa kwenye picha za pasipoti. Wasichana walimwamkia, akamvika Loisi koti, akapiga. Kisha akauliza kama anavyomwuliza kila mteja, maana ni wachache wanaopenda kutoka pichani na chunusi zao.

"Nimsafishe kidogo?"

Loisi alilionea haya kovu lake. Akamgeukia Devota. "Mama alisema chochote kwenye simu kuhusu hilo?"

"Hakusema," Devota alijibu, huku akijifanya anatazama picha za maharusi ukutani.

Kovu likafutika. Basi picha ikatoka nzuri kupita kiasi. Mama aliwaonyesha majirani, nao wakaipitisha mkono kwa mkono wakimsifu Loisi. Devota, aliyetaka kumharibia mwenzake, akashinda siku nzima akisikiliza jinsi mwenzake alivyo mzuri. Wivu una malipo ya ajabu.

Picha zilipelekwa ubalozini Dar es Salaam pamoja na fomu, na baada ya muda zikarudishwa. Sura imebadilishwa, walisema, apigwe upya. Likizo ilikuwa imekaribia. Loisi hakugusa chakula.

"Unafikiri mama atachoka kunisubiri?" alimwuliza Devota.

Devota alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hamu. Sasa imefika, na haikuwa na utamu wowote.

Mama alijitanda khanga, akaenda moja kwa moja studio, wasichana wakimfuata. Alimwambia mzee Abdulnasiri mbele ya wateja kwamba amemharibia mtoto safari. Mteja mmoja akainuka, akaondoka. Mzee alijitetea kwamba aliuliza, akajibiwa hakuna maagizo. Mama akamgeukia Devota, lakini Loisi akawahi kusema.

"Mama mdogo, Devota hakuambiwa. Angeambiwa angeniambia."

Devota alilitazama lile kovu. Walipokuwa wadogo, kwa bibi yao kijijini Mvumi, yeye ndiye aliyeteleza juu ya mwamba uliolowa mvua. Loisi alimdaka gauni, akaangukia jiwe yeye. Loisi alishonwa hospitalini, na Devota akarudi nyumbani bila hata mkwaruzo.

"Niliambiwa," alisema, machozi yakimtoka. "Nilinyamaza kwa sababu ya wivu. Babu hana kosa. Nisamehe, babu. Nisamehe, Loisi."

Mama alimwomba mzee radhi mbele ya wale waliobaki. Mzee akachukua kamera bila maneno mengi, akapiga upya, kisha kwa mazoea akauliza, "Nimsafishe?"

"Hapana, babu," Devota alisema. "Mwache alivyo."

Loisi alivua koti, akalirudisha msumarini, akatangulia nje.

Safari hii picha ilikubaliwa. Pasipoti ilifika Jumamosi moja, likizo ikiwa imeshaanza, na tiketi ikasogezwa mbele. Siku ambazo Loisi angekaa na mama yake zilikuwa zimepungua, na hakuna aliyeweza kuzirudisha.

Devota alikuwa nyuma ya nyumba anaosha vyombo peke yake mama alipokuja kuketi karibu naye.

"Kidonda cha Loisi tulikipeleka hospitali, kikashonwa, kikapona," alisema. "Wivu nao ni kidonda, mwanangu, na hakuna asiyewahi kuupata. Ungeniambia ulivyojisikia, ningekusaidia kuuosha. Uliuficha, ukaoza, ukamuumiza Loisi na mzee wa watu. Siku nyingine useme kabla haujaoza."

"Nitasema, mama."

Nyayo zilisikika. Loisi alikuja, akavuta kigoda, akakunja mikono ya gauni.

"Unasugua," aliuliza, "au unasuuza?"