Chupa ya Maji ya Msambweni

Haya yalimpata Mwelu, jirani yangu hapa Kitengela, mwaka wa 2003. Kwaya yao ilikuwa imetembea Pwani, na siku ya mwisho wakapelekwa ufuo mmoja wa Msambweni usio na mtu hata mmoja. Kila wimbi lilipokuja, walipandisha marinda hadi magotini, wakapiga kelele na kucheka. Mwelu akajaza maji ya bahari kwenye chupa, vile watu wa bara hufanya, ili mama yake ambaye hajawahi kuiona bahari aonje chumvi yake.

Aliporudi nyumbani, mama alionja kijiko kimoja tu.

"Woi, ni kali!" akasema, akajikalia kitini.

Jioni hiyo stima ikapotea. Mwelu alikuwa jikoni akipapasa kutafuta mshumaa aliposikia maji. Yalikuja polepole, shaaa, kisha yakarudi nyuma yakikokota changarawe. Alidhani ni mvua, lakini nje kulikuwa kukavu. Akagusa chupa. Ilikuwa imetulia. Sauti ilitoka sebuleni.

"Mwaitu, unasikia?" akamwita mama yake.

Maji yakaja tena, karibu zaidi.

Akawasha mshumaa, akaingia. Sakafu ilikuwa kavu kabisa. Mama alikuwa amelala fofofo pale kitini. Shaaa, sauti ikaja, kubwa kuliko zote, na mama, akiwa bado amefumba macho, akashika rinda lake kwa mikono miwili, akalipandisha hadi magotini.