Jaketi la Zambarau Nililolipiga Bandi

Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita, ikakata.

"Pokea basi, Kasia! Pokea!"

Dereva wa pikipiki akageuza shingo. "Dada, tunaenda kufumania?"

"Endesha kaka, kuna mtu atakufa!"

Nikaandika meseji:

"USIMVALISHE MTU LILE JAKETI LA ZAMBARAU. NAKUOMBA."

Tiki moja. Moja tu!

Ngoja niwaeleze mjue kwa nini roho ilikuwa mkononi. Mimi ni fundi cherehani. Kasia ni mchumba wangu, jina kapewa na kazi yake: anafundisha familia kupiga makasia pale ghubani, kwenye kayaki na kwenye zile mbao pana za kusimamia. Maji yenyewe yametulia kama ya kwenye karai. Lakini mama yangu hataki hata kumsikia.

"Mwanamume mzima kazi yake kuelea? Hata kopo linaelea!"

Majaketi yao ya kuelea yakiharibika, nashona mimi. Ijumaa Kasia akaniletea la zambarau.

"Lipunguze, mpenzi. La mwanafunzi wangu wa Jumapili. Mwembamba huyo."

Akaniachia karatasi ya vipimo, akaweka simu mezani, akatoka kununua maji. Simu ikalia. Jina: MALKIA.

"Jumapili saa tatu kama kawaida. Safari hii sikai, nasimama. Na yule asijue!"

Yule! Yule ndiye mimi, jamani!

Aliporudi nikampa simu yake. Alipoondoka nililipunguza jaketi, lakini mikanda sikuipitisha kwenye cherehani. Niliipiga bandi tu, ule uzi wa kushikiza kitambaa kwa muda, ukivutwa kidogo unatoka. Jumamosi Kasia akalichukua. Nilitaka limfunguke Malkia mbele za watu aaibike. Naapa sikuwaza maji. Mpaka Jumapili asubuhi, niko kwenye chai, nikajiuliza: na kama hajui kuogelea?

Nikashuka kwenye pikipiki nikikimbia. Ghubani kayaki moja ilikuwa inazunguka palepale, baba na watoto wawili ndani.

"Baba, tunarudi nyuma!"

"Nyamaza upige kasia!"

Mbele yao, zambarau. Kasimama kwenye ubao, kanipa mgongo, kilemba kichwani. Kasia yuko pembeni yake majini, anamwangalia kama yai.

"Kasia! Mtoe huyo mtu! Mtoe!"

Nikaingia na viatu vyangu. Yule mwanamke akageuka.

Mama. Mama yangu mzazi!

"We! Umefuata nini huku?"

Miguu ikamcheza. Chubwi!

Jaketi likaibuka. Lenyewe. Ndani hamna mtu.

Moja. Mbili. Tatu. Sikuwahi kujua sekunde zina urefu ule. Kasia akazama, akaibuka na Mama, anakohoa, anarusha mikono.

"Nakufa! Mwanangu, nakufa!"

"Mama, weka miguu chini."

"Nakufa mie!"

"Mama, simama tu."

Mama akasimama. Maji kiunoni.

Watu wa kayaki wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nalia.

Tulipofika mchangani, Kasia aliokota jaketi, akavuta uzi. Ukatoka wote, laini kama nywele.

"Hii ni nini?"

"Bandi."

"Ulisahau kumalizia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mngeniona mjanja. Lakini Mama alikuwa bado anakohoa.

"Sikusahau. Niliona meseji ya Malkia."

"Malkia ni mimi!" Mama akadakia, anakamua kilemba. "Nilimlazimisha aniandike hivyo kwenye simu yake, nikamwapisha asikwambie. Nilimwambia nikisimama kwenye ubao wake nikahesabu mpaka ishirini, nampa ruhusa ya kukuoa. Ungejua ungenicheka, nilivyomsema."

"Mama, nisamehe."

"Na vipimo vyangu? Miaka yote unanishonea, hukuvitambua?"

"Niliona mwanamke mwembamba tu, Mama. Wivu ulinifumba macho."

Kasia akakaa chini. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kila asubuhi navuta mikanda ya majaketi yote, moja moja. Leo nimevuta thelathini na moja. Hili sikulivuta. Nilisema, hili limetoka kwa mwenyewe."

Hapo ndipo nilipochomwa. Bora angenitukana.

"Ungeniuliza tu," akasema. Akainuka, akarudi kwa wanafunzi wake.

Nikajua imeisha. Lakini fundi hatembei bila sindano. Nikakaa palepale mchangani, uzi mara mbili, nikashona mkanda mmoja baada ya mwingine kwa mkono, kurudia na kurudia, mpaka kidole kikatoka damu. Masomo yakaisha. Kivuli cha Kasia kikasimama mbele yangu.

"Vuta," nikamwambia.

Akavuta.

"Vuta kwa nguvu."

Akakanyaga jaketi kwa mguu, akavuta mkanda kwa mikono miwili. Ukakaza.

"Na kesho?" akauliza.

"Kesho uvute tena. Na kesho kutwa. Hata likitoka kwa mwenyewe."

"Na wewe ukiona meseji?"

"Nauliza. Palepale. Hata kama ni ya malkia."

Mdomo wake ukataka kucheka, akauzuia. Mama akatufikia, amekunja uso.

"Nilifika kumi na nane kabla huyu hajaropoka. Kumi na nane si ishirini."

Nikamshika mkono.

"Mama, kwa leo inatosha..."

"Lete hilo jaketi."

"Lipi?"

"Hilo hilo la kwako."

Kasia akamvalisha, akavuta kila mkanda mara mbili. Wakaingia majini. Mama akapiga magoti juu ya ubao, akainua mguu mmoja, wa pili, akasimama akitetemeka kama jani. Mimi niko mchangani, mikono mdomoni, sipumui.

"Kumi na saba!" Mama anapiga kelele. "Kumi na nane!"

Ubao ukayumba. Kasia akanyoosha mkono.

"Usiniguse! Kumi na tisa! ISHIRINI!"

Nikaruka mchangani kama mtoto. Kasia akanigeukia, safari hii akacheka kweli.

Mama, bado kasimama, akamwelekezea kasia kifuani.

"Waambie wazee wenu waje Jumamosi."

"Mama, Jumapili si ndiyo watu wote wanapumzika?" nikauliza.

"Jumapili nina darasa."